Mpishi wa Gazi na Mvinyo Asioonja

Mwanafatuma wa Gazi hajawahi kutia tone la mvinyo mdomoni, na naapa hakuna mtu katika hoteli zote za ufuo wa Galu anayemshinda kujua chupa gani iende na sahani gani. Ukitaka kubisha, njoo jikoni ubishane nami, Zulekha, ninayemenya vitunguu ubavuni pake mwaka wa kumi na moja huu.

Aliingia hotelini kwetu kuosha masufuria, akapanda hadi akakabidhiwa chakula cha Kiswahili cha jioni: changu wa kuchoma, samaki wa kupaka, kamba wa pilipili, mbuzi wa kuoka. Sauti yake ndogo, lakini mimina tui zito kabla ya wakati wake uone, utasikia anavyokuita hadi barabarani. Ramadhani ndiyo mwezi wake. Wapishi wengine wakifunga hugusisha mchuzi kwenye ncha ya ulimi kisha wakatema. Yeye hata hilo hataki. Huinamia sufuria, akanusa, akasema, "Chumvi bado," na kweli huwa bado.

Ramadhani iliyopita tukaletewa meneja mpya kutoka Nairobi, Bwana Gedion, kijana suruali imembana. Siku ya tatu tu akatangaza kwamba wageni wanaagiza mvinyo wa Kifaransa, na nazi na pilipili hazipatani na mvinyo. Chakula chetu kitoke kwenye menyu ya jioni, Mwanafatuma ahamie kwa dobi.

Kwa dobi! Damu ilinichemka. Mwenyewe alifuta mikono kwenye aproni.

"Bwana meneja, nipe siku moja," akasema. "Kesho saa kumi nitakupikia, na Dishon akumiminie. Visipopatana, nitakwenda kufua."

Dishon ndiye mhudumu wa mvinyo. Chupa zake anazijua, lakini akianza kuzieleza utadhani anasoma cheti cha daktari. Asubuhi yake Mwanafatuma akamkalisha juu ya kreti ya soda, chupa mbele yao.

"Hii Sauvignon Blanc ikoje mdomoni?"

"Ina asidi ya juu, Mama, halafu ina..."

"Asidi ni ya betri. Niambie, ni kama embe changa kwa chumvi?"

Dishon akafumba macho, akameza mate. "Wallahi ndiyo hiyo!" Mkristo wa watu, lakini miaka sita ya pwani imemwingia.

"Basi hiyo ya changu na ndimu. Na hii nyekundu?"

"Cabernet Sauvignon. Hiyo inakausha ulimi."

"Kama bibo la mkorosho?"

"Kama bibo hasa!"

"Itakwenda na mbuzi, mafuta yake yailainishe."

Chardonnay, Dishon alisema, ni laini, ina ladha ya siagi na moshi kidogo. Mwanafatuma hata hakufikiri, akaipa samaki wa kupaka. Ugomvi ukaja kwenye kamba. Dishon akadai pilipili na mvinyo mkavu, usio na utamu, vitamchoma meneja mdomo, kwa hivyo pilipili ipunguzwe.

"Nipunguze pilipili? Weye!" Nikadhani atamtupia mwiko. Kisha akatulia. "Mabuyu yana pilipili na sukari pamoja, na hukuti yamebaki. Huna chupa yenye utamu kidogo?"

Dishon akajikuna kichwa. Ilikuwapo chupa moja ya Riesling ya Alsace, kule Ufaransa, yenye utamu kwa mbali, imekaa stoo tangu lini, hakuna anayeiuliza.

Saa kumi meneja akaketi. Dishon akamimina, mimi nikapeleka sahani, Mwanafatuma akasimama mlangoni na midomo yake mikavu ya saumu. Meneja alikula changu, akala samaki, akala mbuzi. Mimi roho iko mkononi. Kwenye kamba jasho likamtoka. Akanywa Riesling. Akatazama glasi, akachukua kamba mwingine, akanywa tena, na mwishowe akachukua mkate akapangusa sahani mpaka ikang'aa.

"Mama, wewe ulivionja hivi?"

"Nimefunga, Bwana."

"Hata chakula?"

"Chakula nimefunga leo. Mvinyo, maisha yote."

Akacheka mpaka akakohoa. "Vyote vinabaki," akasema. "Na mama anabaki navyo."

Nilipiga vigelegele wageni wakageuka kule bwawani. Mwanafatuma alilia akicheka, akijifuta kwa aproni ile ile.

Adhana ya magharibi ilipolia, akafuturu kwa tende na maji, akaswali, halafu akachukua kamba mmoja aliyebaki sufuriani. Gedion akaja akasimama mbele yake, sasa yeye ndiye anayesubiri majibu. Mwanafatuma akatafuna polepole.

"Ndimu imepungua."

"Mama! Nimepangusa sahani kwa mkate!"

"Ulikuwa na njaa, mwanangu. Siku ya Idi njoo nyumbani Gazi, nikupikie huku ninaonja."