Mzee Namba na Mshale wa Mbwembwe

Kuna watu wanaochoshwa na kazi na kuna wanaochoshwa na watu. Mzee Namba alichoshwa na vyote viwili, kisha juu yake akaongezewa kompyuta.

Kazi yake ilikuwa mizani. Kiwanda cha saruji kilikuwa juu ya kilima, barabara kuu ilikuwa chini, na kila lori lililotoka na mzigo lilipanda kwanza bamba la chuma mbele ya kibanda chake. Yeye alikaa ndani, kidirisha kikiwa wazi upande wa dereva, akasoma uzito kwenye skrini. Ukiwa halali alibonyeza kitufe, kizuizi kikainuka, lori likateremka. Ukizidi alisema, "Rudi, punguza," na hakuna aliyewahi kumsikia akiyasema hayo mara mbili. Kompyuta ilijiandikia uzito yenyewe, ni kweli, lakini ripoti zake zilisomwa huko makao makuu baada ya wiki kadhaa. Wa kulizuia lori ni yeye. Alianza enzi za mizani ya kusukuma vyuma kwa kidole, na sasa alibakiza mwaka na kitu astaafu. Ng'ombe mzima alishamla, ulibaki mkia.

Jina la Mzee Namba alilipata kikaoni. Skrini ya zamani ilikuwa nyeusi, tarakimu za kijani, basi. Halafu kampuni ikanunua programu mpya, nayo ikaja na mbwembwe zake. Katikati kulikuwa na duara kubwa kama saa ya ukutani, lenye mshale unaopanda kutoka kwenye kijani kwenda kwenye njano hadi kwenye nyekundu. Pembeni kulikuwa na lori la kuchorwa, la pande tatu, unaligeuza kwa kipanya mpaka unaliona uvunguni. Kulikuwa na vidude vingine pia, kimoja cha saa, kimoja cha hali ya hewa, kingine hata aliyekileta hakujua ni cha nini. Uzito wenyewe uliandikwa chini kabisa kwa maandishi madogo, kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

"Mmetununulia mizani au televisheni?" Mzee aliuliza siku hiyo, mbele ya meneja. "Mimi nataka namba. Namba ndiyo kazi. Hayo mengine ni pambo la macho, na macho yangu hayajaomba pambo."

Watu walicheka mpaka meneja akavua miwani kufuta machozi. Jina likamganda, naye, tusimfiche, akavimba kichwa kidogo. Kuanzia hapo akawa mhubiri. Fundi wa kompyuta, binti mmoja mpole aliyekuja kila mwezi kutoka makao makuu, alihubiriwa kila alipokanyaga pale. "Binti, hilo lori lako linazunguka kama limelewa. Lifunge tufanye kazi." Binti alicheka na kusema hana mamlaka.

Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Huyu aliwatukana wote, hakubakiza hata mmoja.

Macho yalianza kumwacha polepole. Kwanza alilaumu miwani, kisha taa, kisha vumbi la saruji, ambalo pale kiwandani lilisingiziwa kila kitu. Lakini haikuwa vumbi. Alichokitazama moja kwa moja kiliingia ukungu katikati, kikabaki kingo zake tu. Tarakimu zikawa sisimizi, na baadaye sisimizi nao wakawa moshi. Hapo ndipo alipookolewa na mshale. Ule mshale mnene aliuona bila hata kuutazama vizuri, na rangi alizitofautisha. Kijani, pita. Nyekundu, rudi. Hata lile lori la kuzunguka, alilolitukana kuliko yote, liliinamia upande uliolemewa, naye akajua mzigo umepangwa vibaya. Kidude cha hali ya hewa kilibaki upuuzi uleule, maana dirisha lipo. Lakini mshale, jamani, mshale ulikuwa unamlisha.

Hakumwambia mtu. Utaratibu ulikuwa wazi, mpimaji asiyeona anapumzishwa siku hiyohiyo, na kitindamimba wake alikuwa bado chuoni, na mkewe miguu ilimsumbua hata kufika sokoni ilikuwa safari. Isitoshe, angeanzia wapi? Angesema nini kuhusu pambo la macho?

Mkewe aliona bila kuambiwa. Alianza kumwekea kikombe mahali palepale kila siku, karibu na mkono wa kulia, na jioni moja akamwambia, "Baba, mficha maradhi kilio humfichua."

"Nimechoka tu, mama."

"Umechoka. Na yanayochoka ni macho peke yake?"

Alikuwa amechoka kweli, uchovu wa mtu anayekaza macho tangu asubuhi ili asionekane anayakaza, akaenda kulala bila kumaliza chai.

Wiki iliyofuata alifika kazini akamkuta binti fundi kibandani, anatabasamu.

"Mzee wangu, leo nimekuletea zawadi. Wakubwa wamekubali. Vidude vyote vinaondolewa, wanasema vinaifanya mashine iwe nzito. Meneja amesema tuanze na wewe, maana wewe ndiye uliyelia wa kwanza."

Skrini ilikuwa nyeupe tupu. Mahali fulani katikati ya weupe huo kulikuwa na mstari wa tarakimu, alijua upo kwa sababu lazima uwepo.

"Ahsante, binti," alisema. Angesema nini kingine? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lori la kwanza likapanda mizani. Mzee akageuza skrini kuelekea kidirishani, akacheka kicheko cha uongo. "Hebu nisomee hapo, kijana, miwani hii imechafuka." Dereva akasoma. Halali. Kizuizi kikainuka. Dereva wa pili naye akamsomesha, halali. Wa tatu, halali. Kila lori lilikuwa halali asubuhi hiyo, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kiwanda kijengwe, na Mzee Namba hakuwa mtoto mdogo. Alilisikia lori la tatu likiteremka kwa kishindo, injini ikilia kwa kujizuia. Chini ya kilima kile kuna kona kali, na pembeni ya kona kuna ukuta uliozibwa viraka vya matofali mapya juu ya matofali mapya. Kila aliyefanya kazi pale alijua viraka vile vilitokana na nini.

Dereva wa nne alikuwa mtu wake wa miaka mingi, waliyemwita Taratibu kwa sababu ya mwendo wake.

"Nisomee hapo, Taratibu. Miwani imechafuka."

Taratibu hakuiangalia skrini. Alimwangalia yeye. "Miwani ni safi, mzee."

Mzee akaivua, akaipangusa kwa shati hata hivyo.

"Wenzangu wamepiga simu, wanasema leo mizani ni ya kujisomea. Wanafurahi. Bosi wangu naye kapata habari, kafurahi zaidi, kaniongezea mifuko."

"Basi soma tumalize."

"Nikisoma nitadanganya. Nina bosi, nina watoto, nitafanyaje? Siku zote wewe ukinirudisha, namwambia bosi mzee amekataa, yanaishia hapo. Sasa nikijisomea mwenyewe nani atanikatalia? Na anayeteremka hapo chini ni mimi, mzee. Si bosi."

Alisema hayo kwa sauti ya chini, bila hasira, kama mtu anayeomba maji. Mzee Namba aliona aibu. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akapiga moyo konde, akafunga kitufe cha kizuizi kwa ufunguo, akaliacha lori juu ya mizani na msururu wa malori ukipiga honi nyuma yake, akatembea hadi ofisini mkono ukipapasa ukuta.

Meneja alikuwa anakunywa chai na binti fundi.

"Naomba mnirudishie ule mshale," Mzee alisema mlangoni.

Meneja akacheka. "Leo Mzee Namba anataka mbwembwe? Si wewe uliyesema ni pambo la macho?"

"Nilisema nikiwa na macho."

Kicheko kikakatika. Binti akaweka kikombe mezani. "Nikukuzie namba, mzee wangu? Naweza kuzifanya kubwa sana."

"Hata zikiwa kubwa kama mlango, binti. Katikati pana ukungu."

Meneja alizungusha kijiko kwenye kikombe kisicho na sukari. "Unajua lazima nikupumzishe," alisema hatimaye. "Leo hii."

"Najua. Ila kuna lori kwenye mizani."

Walirudi kibandani yeye na binti. Vidole vya binti vilikwenda mbio, na duara likarudi mahali pake, na mshale ukapanda ukapita njano ukalala kwenye nyekundu. Mzee alitoa kichwa kidirishani.

"Rudi, punguza."

Taratibu akaweka gia ya nyuma. Honi zilipigwa, matusi yakatupwa, msururu ukasogea kumpisha.

"Niufute tena ukiondoka?" binti aliuliza, macho yake yakiwa chini. "Atakayekuja ni kijana, anaona vizuri."

"Uache. Naye atazeeka."

Akachukua koti lake na chupa yake ya chai, akampigia mkewe simu kusema leo anarudi mapema. Alishajiandaa kueleza, alishayapanga maneno. Mkewe hakuuliza.

"Kaa hapohapo getini, nakuja kukuchukua," alisema.

"Na miguu yako hiyo?"

"Itafika. Wewe usivuke barabara peke yako."