Jina nililoliacha nje ya wachezaji tisa bora wa besiboli, Muscat 1969

Wakuu, salaam aleikum. Mjukuu kanifungulia akaunti leo, na kabla sijasahau nywila nataka nilitoe hili. Ni kweli tupu, na halinipendezi.

Mwaka 1969 nilikuwa chuo cha ufundi cha kambi ya mafuta, hapa Muscat. Wengi wetu tulikuwa vijana wa Kizanzibari, tumekuja baada ya Mapinduzi.

Mwalimu mmoja, Mmarekani, akatufundisha besiboli kwenye uwanja wa vumbi kule Ruwi. Msicheke. Unapiga mpira kwa gongo, kisha unakimbia kama umeiba.

Kapteni nilikuwa mimi.

Msimu ulipokwisha, mwalimu akasema wachezaji tisa bora watasomwa majina mbele ya chuo, kisha watapigwa picha. Kamera tuliyoweza kuipata ni yake tu, filamu imebaki picha moja, na kesho yake anasafiri. Kuchagua akaniachia mimi.

Wanane walikuwa wazi. Wa tisa alininyima raha.

Kulikuwa na Khamis, mpigaji wetu hodari, hilo halina ubishi. Mama yake alibaki Unguja. Watu walimwambia mwanawe kafa, akaandika: "Nitumie picha nikuone." Barua hiyo Khamis alinisomea mwenyewe.

Na kulikuwa na Nasor, mtoto wa ami yangu, mkubwa kwangu. Gongo lilimshinda kabisa. Lakini mimi nilikuwa nakula na kulala kwao, Sib, na kwetu humpiti mkubwa wako hadharani.

Siku mbili nilizunguka na karatasi. Nafuta, naandika, nafuta.

Nikaandika Nasor. Nikajiambia Khamis ni mwenzetu, ataelewa.

Majina yaliposomwa, Khamis alipiga makofi. Nikamfuata.

"Nisamehe ndugu yangu. Nasor mkubwa wangu."

"Hapana neno. Nnajua."

Akakusanya magongo, akaenda kusimama nyuma ya mwalimu, kwa pembeni. Nilitaka kumwita aingie kwenye picha. Badala yake nikageukia kamera.

Baadaye mwalimu akatutumia nakala kwa posta. Jua la alasiri lilikuwa mgongoni kwake, na miguuni petu kimelala kivuli cha mtu aliyekumbatia magongo. Khamis akaomba nakala yangu. Akachora mshale kwa wino, akaandika: "Mama, huyu mimi."

Jibu lilichukua miezi. "Nimekiona kivuli, mwanangu. Sasa nitumie uso."

Mwaka uliofuata Khamis akapata picha ya pasipoti, akaituma. Aliyejibu ni jirani. Mama keshazikwa.

Miaka ikapita ndipo nikamweleza Nasor.

"Ungenambia ningempisha. Mie mchezo wenyewe nikiuchukia."

Wakuu, hilo ndilo linaloniamsha hadi leo hapa Ansab. Nilitoa heshima ambayo mwenyewe hakuiomba, na aliyeilipia ni mama wa mtu. Kumuuliza Nasor kungenichukua dakika moja.

Kama yuko mtu unayemstahi hivyo, kamuulize kwanza. Na wewe ungemwandika nani? Niambieni bila kunionea haya.