Antena Iliyosimama Siku ya Sabato

Gari langu kuukuu nililinunua kwa mwalimu mmoja wa Keroka aliyekuwa anastaafu, na kilichonifanya nilipende si injini wala viti. Ni antena. Ukiwasha redio inatoka yenyewe kule nyuma, zzzzz, kipande ndani ya kipande, mpaka inapita paa. Ukizima inarudi ndani, huoni kitu. Wenzangu wana magari ya juzi yenye vijiti vya mpira urefu wa kidole. Mimi nilikuwa nawasha redio hata nikiwa nimeegesha tu, watu waone. Nasema haya mapema mjue ni mtu wa namna gani anayewasimulia.

Siku moja ikagoma. Nikiwasha redio nasikia mota ikinguruma ndani ya bodi lakini juu hakutoki kitu. Nikalipeleka kwa fundi wa kwanza akabadilisha fyuzi. Wa pili akakata nyaya, akaziunga tena, akaniambia ninunue gari lingine. Nilimtukana kidogo, nakiri. Ndipo mtu akanielekeza kwa mzee mmoja aliyefanya kazi kando ya soko la Daraja Mbili, chini ya mabati manne.

Mzee huyo alikuwa amenipita kama miaka kumi, na hakuwa mtu wa maneno. Alifungua buti la nyuma, akatoa kile kifuniko cha pembeni, akaniambia niwashe redio. Akainamisha sikio.

"Mota inazunguka," akasema. "Basi fyuzi ni nzima na moto wa betri unafika. Hao wengine wamekukatia nyaya bure."

Akaivuta antena nzima nje. Chini yake kulikuwa na uzi mrefu wa plastiki wenye meno upande mmoja, na hayo meno ndiyo mota huyashika ili kuisukuma antena juu. Yalikuwa yamelika, yamejaa grisi nyeusi. Akaenda kwenye gari bovu lililokuwa limekufa nyuma ya kibanda chake, akatoa uzi mwingine, akaupima, akauweka. Nikawasha redio. Antena ikapanda! Nilipiga makofi kama mtoto.

"Sikiliza, shemasi," akaniambia. Alikuwa ameshajua cheo changu kwa sababu huwa nakitaja. "Waya huu unapata moto redio ikiwashwa tu. Ukiiona antena imesimama, jua redio imewaka. Haina siri hii."

Mimi ni shemasi mkuu wa kanisa letu la Wasabato, huku juu upande wa Nyamira. Nilimsifu yule fundi kanisani mpaka watu wakachoka. Mzee wetu wa kanisa akampelekea gari lake, na wengine sita wakafuata. Fundi akanipigia simu kunishukuru, akaniambia sasa ana kazi ya kila wiki.

Basi tufike kwenye aibu.

Sabato yetu, Jumamosi, inaisha jua likizama, na kabla ya hapo mpira ni mwiko. Mpira wa Uingereza unaanza kabla. Nimekuwa nikilijua hilo tangu ujana wangu na nimepambana nalo kwa maombi, lakini Sabato ile timu yangu ilikuwa inacheza na wale wasiotakiwa kabisa kutushinda. Baada ya chakula cha mchana, vijana wakiwa ndani wanaimba, nilitoka kama mtu anayekwenda kuangalia lango. Nikaingia garini, nikafunga vioo, nikawasha redio kwa sauti ya chini sana. Nilijiona mjanja! Mjinga mimi, nilisahau kwamba nyuma yangu chuma kinapanda kweupe mbele ya kanisa zima, kinameta juani.

Mzee wa kanisa akagonga kioo.

Niliipunguza sauti mpaka ikaisha. Redio yenyewe sikukumbuka kuizima. Nikashusha kioo.

"Sabato njema, shemasi."

"Sabato njema, mzee."

"Naona antena iko juu."

Ningesema, "Mzee, nimeteleza." Angeniombea, tungerudi ndani, yangeisha. Badala yake kinywa changu kikafunguka chenyewe.

"Ni yule fundi wa Daraja Mbili," nikasema. "Kumbe aliiharibu. Siku hizi inajipandia tu."

Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akageuka kwenda. Nikazima redio haraka. Zzzzz, antena ikashuka. Akageuka tena.

"Sasa imeshuka."

"Si unaona?" nikasema. "Haitulii!"

Na akaona. Kitu kilichokuwa kikifanya kazi sawasawa, jinsi kilivyotengenezwa, kikawa ushahidi wa ubaya wa aliyekitengeneza. Jioni ile mzee alisimulia langoni, kwa nia njema, watu wajihadhari. Kufikia Jumatano wenye magari walikuwa wameacha kwenda kwake, yeye mzee akiwa wa kwanza.

Alhamisi fundi akanipigia.

"Shemasi, nasikia antena inakusumbua. Watu wananiambia naharibu magari. Mimi sina kingine isipokuwa hilo jina. Nitakuja Jumapili nione, sitaki chochote."

Nikamwambia karibu. Nilipokata simu mke wangu akaniuliza kwa nini natoka jasho, nikamjibu ni chai.

Jumapili asubuhi, kabla hajafika, nilifanya jambo ambalo hata sasa nikiliandika masikio yananiwaka. Niliwasha redio. Antena ilipoanza kupanda niliikamata kwa mikono miwili nikaigandamiza chini, mota ikilia, ikilia, mpaka nikasikia tkk. Nikaiachilia. Haikupanda tena. Nikajiambia, haya, sasa si uongo, imeharibika kweli.

Fundi alifika kwa bodaboda, mfuko wa vifaa mapajani. Mzee wa kanisa naye akaja, maana anakaa ng'ambo tu ya shamba langu la chai na alitaka kuona kwa macho yake. Pembe ile ya buti huwa na giza hata mchana, kwa hivyo fundi akaniomba nimshikie tochi. Nikashika.

Alikwenda hatua kwa hatua kama mara ya kwanza. Redio, washa. Sikio. Mota inazunguka. Taa ya kupimia kwenye waya huu, ikawaka; kwenye ule, ikawaka. Zima redio, taa kwenye ule wa pili ikazimika inavyotakiwa. Mtu aliyeambiwa antena inajipandia alikuwa ameona sasa hivi kwamba haiwezi kujipandia. Kisha akaivuta antena, na uzi ukatoka vipande viwili.

Niliona alichokiona. Meno yote yalikuwa mazima. Palipokatika palikuwa peupe kabisa, mkato wa leo, hapana hata tone la grisi. Akaninyanyulia macho, mara moja tu. Mzee wa kanisa alipoinama kutazama, fundi akaweka kidole gumba juu ya ule weupe.

"Umekatika," akasema. "Nimekuja na mwingine."

Mzee wa kanisa akamkemea. Mwenzake wa rika moja, mwenye mvi, akamkemea kama mwanafunzi. Alimwambia kazi ya ujanja haina baraka, na kwamba mtu mzima aone haya kuwachezea watu wanaomwamini. Fundi akasema, "Ndiyo, mzee." Akaweka uzi mpya, akajaribu, antena ikapanda ikashuka. Akaanza kukusanya vifaa vyake. Alizifuta spana moja moja kwa kitambaa, akazipanga, akazitoa, akazipanga upya. Niliwaza kwamba huyu fundi amechoka. Nilitamani aende. Akaenda.

Miezi ikapita. Nikipita Daraja Mbili nilikuwa natazama upande mwingine. Siku niliyojikaza kutazama, chini ya yale mabati manne palikuwa na mama anauza nguo za mitumba. Akaniambia fundi alikosa kazi, akahamia Ogembo kwa wakwe zake. Nilikaa garini pale nikashindwa hata kuwasha injini.

Nilimkuta Ogembo akitengeneza pikipiki. Hakushangaa kuniona.

"Inapanda?" akaniuliza.

"Inapanda."

"Vizuri."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikayasahau yote. Nikasema tu, "Mzee wangu, ni mimi niliikata."

"Nilijua siku ileile," akasema, mikono bado kwenye pikipiki. "Nikanyamaza ili useme mwenyewe. Nilifuta spana zangu zote nikikungoja. Nilizifuta mara mbili, bwana."

Nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatiza, na hapo ndipo niliposikia hasira yake kwa mara ya kwanza. "Mimi unaniomba nini? Mimi nilikuwa najua. Nenda ukawaambie wale wasiojua!"

Sabato iliyofuata nikaomba dakika mbili mbele ya kanisa. Nilisema yote: mpira, uongo, antena niliyoigandamiza kwa mikono yangu. Niliposema kuhusu mpira, vijana wa nyuma walicheka. Nilipofika kwenye uzi hakuna aliyecheka. Mke wangu alikuwa anatazama mikono yake. Nikaacha ushemasi palepale, hakuna aliyenizuia.

Baada ya ibada nilimwona mzee wa kanisa ameketi peke yake garini mwake, hajawasha kitu. Nikamwendea dirishani, nikasimama kama alivyosimama yeye kwenye langu siku ile, nikingoja anikemee. Ningefurahi kama angenikemea.

"Kesho nakwenda Ogembo," akasema polepole. "Nilimwambia yule mzee aone haya. Nilimwambia hivyo, na wewe ulikuwa umesimama hapo, umemshikia tochi."