Waliomwacha Kilian Ale Peke Yake

Zamani, katika milima ya Umatengo, mwanaume aliyekula peke yake alidhaniwa mgonjwa au mchawi. Siku hizi anayejifungia ndani na sahani yake ndiye anayeitwa mtu aliyeendelea.

Mzee Tarsisi wa Namswea aliitunza sengu ya ukoo tangu baba yake alipofariki. Sengu ni kibanda tu, lakini kila jioni wanaume wa ukoo walikutana hapo, wake zao wakaleta chakula, wakala pamoja na kusemezana mpaka jambo liishe. Kilian, mtoto wa mdogo wake Tarsisi, aliporudi kutoka vitani Msumbiji alipelekwa hapo. Waliomtuma vitani walimrudisha na blanketi moja na kichwa kilichojaa milio ya risasi, wala hawakuuliza tena kama analala.

Sengu iliuliza. Kilian alipiga ukelele tonge likiwa mkononi, na hakuna aliyeinuka. Tarsisi alimsogezea bakuli la maharage. "Hawa wote ni wa kwenu, mwanangu. Kula." Wengine waliendelea kubishana mbuzi wa nani kaingia shamba la nani. Mwaka haujaisha, Kilian alikuwa analima ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani, na kumtania mkewe Avelina.

Kisha soko la kahawa likafanywa huria. Ushirika ukalala, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaja na malori, na Hyasinti, kaka yake Kilian, akawa wakala wao. Akajenga nyumba ya bati yenye meza ya chakula na pazia zito. Wengine wakamwiga, mmoja mmoja, kila mtu na meza yake.

Siku moja tairi la lori lilipasuka barabarani. Kilian aliruka kutoka shambani, akamkumba Hyasinti aliyekuwa amesimama kando ya lori, akamvuta hadi ndani ya shimo la ngolo na kumlalia juu risasi zisimpate. Hyasinti alitoka na tope mpaka masikioni, mnunuzi aliyekuja na lori akicheka.

Alifika kwa Tarsisi bila hata shikamoo.

"Baba mkubwa, kichaa wako amenidhalilisha!"

"Alikuwa anakuokoa, mjinga wewe."

"Aniokoe na tairi? Shati hili limetoka Dar!"

"Ndugu yako kakulalia ili afe yeye, wewe unalilia shati! Kesho njooni wote sengu. Akiachwa ale peke yake, tumempoteza."

"Siku hizi kuna hospitali."

"Ya kulipia. Utamlipia?"

Hyasinti akapangusa tope kwenye shati, akaondoka.

Kesho yake Avelina alisonga ugali wa watu wote. Mzee na Kilian wakakaa, wakangoja. Ugali ukapoa, ukawa mgumu. Kwa Hyasinti redio ilikuwa inaimba.

"Wamekufa wangapi, baba mkubwa?" Kilian akauliza.

"Hajafa mtu. Wako majumbani mwao, wanakula."

Kilian akanawa mikono ambayo haikugusa chakula, akatoka. Hakurudi tena sengu. Akawa analala vichakani, na Avelina akachoka kumtafuta. Akaamua kumpeleka kwa wazazi wake yeye, Liuli kando ya ziwa, ambako wavuvi walikuwa bado wanakula pamoja ufukweni.

Mara ya mwisho Tarsisi aliwaona kwenye njia ya kuteremkia ziwani, Avelina mbele na sufuria kichwani, Kilian nyuma, ameshika ncha ya kanga yake kama mtoto mdogo. Lori la kahawa likawapita, tupu, Hyasinti amekaa mbele na dereva. Halikusimama.