Ukuta Uliopinda

Stoo ya nyanya yangu, iliyojengwa kwa matofali, ilikuwa imekaa bure miaka mingi nilipoamua kuifanya karakana ya useremala. Kikwazo kilikuwa ukuta wa nyuma, uliopinda katikati hata meza yangu ya kazi isikae sawa kando yake. Nilitaka kuubomoa.

"Huo ni wa mwethya, kazi ya kusaidiana," mama alisema. "Majirani walikuja kumjengea nyanya yako. Wa ng'ambo ya mto walianzia kona hii, wa huku kona ile, wakishindana kwa nyimbo. Kukutana katikati, wamepishana!"

"Hakuna aliyepima kwa kamba?"

"Kamba ilikuwa imefunga mbuzi wa kuchinjwa. Kwani chuo kikuu kilikufundisha maswali tu?"

Nilicheka, ila sikuridhika. Ukuta mbovu ni mbovu, hata ukiimbiwa. Kisha mama akaanza kupapasa matofali, akiwataja waliojenga mmoja mmoja, na wengi tulikwisha kuwazika. Harufu ya maharagwe yaliyohifadhiwa kwa majivu ilikuwa bado humo, nami nikamwona nyanya akipepeta mlangoni.

Sikubomoa. Nilichukua msumeno, nikakata ukingo wa meza yangu ufuate ukuta. Mama alinishikia ubao.

"Sasa na meza imepinda," akasema, ameridhika kabisa.