Kisu cha Ovaloki

Mwihaki alifundisha sayansi kimu kwa miaka kumi na minne kabla ya kufungua duka la ushonaji mjini Kitale, na hata baada ya kuacha chaki watu waliendelea kumwita Mwalimu. Mumewe, Gicheru, alipofariki mwaka 1984, alimwachia shamba dogo, mtoto mmoja, Waithaka, na jina ambalo halikuwahi kutajwa pabaya. Mwihaki alilibeba jina hilo kama mtu aliyebeba maziwa yaliyojaa mpaka mdomoni, asitake hata tone limwagike.

Cherehani aliijua vizuri. Kola, zipu, marinda ya sare za shule, yote aliyafanya huku akiongea na wateja. Kilichomshinda ni ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke.

Zamani mafundi wote walioshonea barazani mwa maduka walipeleka nguo zao kwa Mohini, mke wa mfanyabiashara Om Prakash, aliyekuwa na ovaloki ya pekee katika mtaa ule. Walipanga foleni mlangoni, kila mtu na mzigo wake. Mwihaki hakuipenda foleni ile. Kwa hiyo aliposikia, mwaka 1988, kwamba mama wa Kihindi aitwaye Bhagwanti anafunga duka lake Bungoma, alikwenda akanunua ovaloki yake. Pamoja na mashine akaja Jentrix, mama wa watoto wawili kutoka Myanga, aliyekuwa ameiendesha kwa Bhagwanti miaka minne. Jentrix alikuwa ameishia darasa la tano.

Mtu mwingine angevuta kiti akasema, haya, nionyeshe. Mwihaki hakuweza. Alikuwa na kijitabu cha mashine kilichoandikwa kwa Kiingereza, akakisoma mara tatu, akajiambia kwamba aliyefundisha mamia ya wasichana hawezi kufundishwa na msichana wa darasa la tano. Wanasema mficha uchi hazai. Mwihaki aliuficha wake miezi mitano.

Jumamosi moja Jentrix alikwenda kwao Myanga kwa mazishi. Mezani palikuwa na magauni kumi na moja ya zambarau, ya kina mama wa kwaya ya kanisa, yakisubiri kufungwa kingo. Mwihaki akafunga nusu ya mlango, akaketi kwenye ovaloki.

Cherehani humngoja mtu. Ukifika kwenye kona unasimama, sindano ikiwa chini, unageuza kitambaa, unaendelea. Ovaloki haimngoji mtu. Ukigusa tu kwa mguu inanguruma na kukimbia, na mbele ya sindano kuna kisu kinachokata kila kinachopita, kiwe cha kukatwa au kisiwe. Mwihaki alishika gauni la kwanza kwa mikono miwili juu ya meza kama alivyozoea, akapeleka. Ukingo ulitoka safi, nyuzi nne zimelala kama zimechorwa. Alitabasamu peke yake. Kisha akainua gauni, akaona kwamba kipande cha mbele kilikuwa kimejikunja chini bila yeye kujua, na kisu kimekipitia. Tundu la urefu wa kidole, kifuani. Na kitambaa kile kilikuwa kimekwisha dukani.

Alikuwa bado amelishika alipoingia Nyaruai, dada ya marehemu Gicheru, aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Nyaruai aliuliza ni nani aliyefanya vile.

"Ni yule msichana wa Bungoma," Mwihaki akasema.

Alilisikia neno likitoka. Ulimi hauna mfupa, lakini wake ulikuwa umezoeshwa tangu utotoni kutamka mambo yaliyopimwa, na ndiyo sababu aliaminiwa papo hapo. Nyaruai akatikisa kichwa, akasema watu wasiosoma ni mzigo. Kesho yake, baada ya ibada, kina mama wote wakajua.

Jentrix aliporudi Jumatatu, mafundi wa barazani walikuwa wakimngoja. "Ficheni nguo zenu, Bungoma anapita," mmoja akasema, na wengine wakacheka. Alipoelezwa sababu aliingia ndani, akalichukua lile gauni, akaliangalia upande huu na upande huu. Wateja wawili walikuwepo. Akamgeukia Mwihaki, akangoja.

Mwihaki akawa anapanga pini kwenye kopo.

Jentrix akakunja aproni yake, akachukua makasi yake, akatoka. Mwihaki alijiambia kwamba hakumfukuza. Ilikuwa kweli, nayo haikumsaidia.

Wiki zilizofuata Jentrix aliomba kazi kila duka. Mohini mwenyewe alihitaji fundi, lakini alikuwa amesikia. Asubuhi moja Mwihaki alimwona akipanda lori pamoja na vibarua wanaokwenda kupukuchua mahindi Moi's Bridge, mikono ile iliyojua kupitisha nyuzi nne bila kuangalia.

Mwihaki alikwenda Kipsongo, Jentrix alikopanga chumba. Alibeba unga na sukari. Jentrix alimpokea kwa heshima, akampa kiti pekee kilichokuwepo, yeye akaketi kwenye ndoo. Mwihaki alieleza yote kwa sauti ya chini, akaomba msamaha, akamwomba arudi kazini.

Jentrix alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, hii unga nitapika, watoto wakule. Asante," akasema. "Lakini jina yangu uliharibia kwa baraza, watu wakisikia. Sasa unakuja kulitengeneza kwa nyumba?"

Katika miaka kumi na minne ya kusahihisha madaftari ya watu, Mwihaki hakuwahi kusahihishwa namna hiyo.

Alipitia kwa Nyaruai, akamwambia ukweli. Nyaruai akaenda kufunga dirisha.

"Mama Waithaka, hayo umeniambia mimi, yaishie hapa," akasema. "Huyo atapata kazi kwingine. Sisi tukipoteza jina la Gicheru tutalipata wapi?"

Na hilo ndilo lililomwaibisha Mwihaki kuliko yote, kwa sababu lilikuwa ni wazo lake mwenyewe, neno kwa neno. Alipolisikia likitoka katika kinywa cha mtu mwingine, aliona jinsi lilivyo.

Alhamisi, siku ya foleni ndefu, alikwenda kwa Mohini. Mafundi wakampisha, wakidhani ana shughuli ya maana. Akasimama kati yao akasema, kwa sauti ile ya darasani, kwamba gauni la kwaya alilikata yeye, kwamba hajui kuendesha ovaloki, na kwamba alimsingizia Jentrix. Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akasema, "Kumbe Mwalimu pia huanguka mtihani." Hakuna aliyemkanya.

Mohini alimtazama juu ya miwani. "Yeye iko wapi sasa?" akauliza. "Mwambie kuja kesho."

Hivyo Jentrix akaingia kazini kwa Mohini, na Mwihaki akampoteza fundi wake. Nyaruai hakumsemesha mpaka Pasaka. Gauni la zambarau liliwekewa ua la kitambaa cheupe kifuani, na kila Jumapili Mwihaki alilitazama likiimba mbele yake. Na kwa kuwa nguo za wateja hazingoji, na ovaloki yake haikuwa na wa kuiendesha, ikabidi azibebe hadi kwa Mohini na kupanga foleni na wale wale waliomcheka.

Ilikuwa mara ya tatu au ya nne, zamu yake ilipofika, Jentrix alipopokea mzigo wake na kuuweka kando. Akainuka kwenye kiti.

"Keti wewe," akasema.

Mwihaki akatazama nyuma. Watu sita walikuwa wakingoja. Akaketi.

"Mkono wa kushoto usikae juu. Peleka chini ya nguo, sikia kama iko mahali imejikunja. Macho haiwezi kukuambia, ni mkono. Sasa kanyaga, pole pole."

Mwihaki akapeleka mkono chini ya kitambaa. Akapapasa, akakanyaga, mashine ikanguruma, akauondoa mguu haraka. Nyuma yake mtu akauliza kama watalala pale. Jentrix akamjibu kwamba mwenye haraka ashone kwa mkono, kisha akainama, akausogeza mkono wa Mwihaki kidogo kutoka kwenye kisu.

"Tena," akasema.