Lango Nililolichora Kwenye Kitunguu

Tarehe 12 Machi 1935 mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne. Bila daftari langu nisingekumbuka.

Nilikuwa mwosha chupa katika maabara moja pale Shinyanga. Bwana daktari aliona nina mkono wa kuchora, akanipa penseli kwa majaribio. Nikikosea, penseli inakwenda kwa mwenzangu, mtu wa pwani, nami narudi kwenye chupa.

Nilichora ncha ya mzizi wa kitunguu iliyotiwa rangi, chini ya hadubini. Humo seli moja hugawanyika ikawa mbili. Utando wa kiini hutoweka, nyuzi za ndani hugawanyika pande mbili, kisha kila upande hujengewa utando mpya. Nikachora viini viwili vichanga, kila kimoja na uwazi mdogo kwenye utando wake.

Mwenzangu akachungulia. "Msukuma wewe, hata kitunguu umekitia zizini, na lango umekiwekea."

Nilicheka. Bwana daktari hakucheka. "Uwazi huu umeuona, au umeuchora kwa kuwa kila zizi lina lango?"

Nikauangalia mchoro wangu. Kwetu ua wa miti ya minyaa huzunguka ng'ombe, na wakishaingia wote ndipo lango huzibwa kwa miiba. Labda mkono ulijiendea wenyewe. Nikaomba kutazama tena.

Nilitazama mpaka jicho likatoa machozi.

"Wa kushoto upo, bwana," nikasema. "Wa kulia nimeuongeza mimi. Na huo wa kushoto, labda ni rangi tu haikushika."

Mwenzangu angeweza kunyamaza akapata penseli. Lakini aliinama, akatazama sana, akasema, "Wa kushoto upo kweli. Na hizi seli za jirani, zilizotangulia kugawanyika, zimekwisha ziba kote."

Bwana daktari akafuta lango la kulia, akanirudishia penseli. "Chora na hizo zilizoziba."

Vitunguu vyenyewe, vilivyokwisha katwa mizizi, tukagawana mimi na mwenzangu. Nyumbani nilimsimulia mke wangu yote. Akauliza kama vimetiwa dawa.

"Dawa ni ya mizizi. Hivi vimekunywa maji tu."

Akakigeuzageuza kimoja mkononi. "Mbona lango silioni, baba watoto?"

Tukala ugali wa mtama na mlenda, na vitunguu vile vimekaangwa kwa samli.